Si Kweli Kwamba Tangi Lazima Lipumue

Nasikia huko Mikumi siku hizi mnaacha upande mmoja wa kila hita bila kuufunika, na mtu akiwauliza mnajibu kwamba tangi lazima lipumue, na kwamba hayo ni maneno yangu. Nimeusoma ujumbe wenu mara kadhaa nikitafuta mahali pa kukana. Sikupaona. Maneno ni yangu kweli, ila si ya kweli. Tangi la maji ya moto halipumui, halijawahi kupumua, na siku mtakapolisikia likipumua, tokeni nje mkimbie.

Sasa kwa kuwa uongo huo umesafiri kutoka uani kwangu hapa Kilosa hadi karakana yenu bila kulipa nauli, nimeona ukweli nao usafiri. Lakini nikianzia mwishoni mtadhani nimeanza kuzeeka vibaya, kwa hiyo nivumilieni nianzie nilikoanzia. Mambo ya vyeo sitayagusa. Katika maisha yangu nimepandishwa juu ya paa mara nyingi kuliko nilivyopandishwa cheo.

Nilifika Mikumi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vilivyong'arishwa, nikategemea kwamba kimoja kati ya hivyo viwili kitanisaidia. Hoteli ile ya wageni wa mbugani ilikuwa inatafuta msaidizi wa fundi bomba anayeweza kusoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye vyuma. Fundi mwenyewe alikuwa Mzee Kondo, mtu mfupi, mwenye mikono mipana kama makoleo, ambaye hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa chai. Wengi wenu hamkumkuta. Mkikuta huko stoo spana kubwa ya mabomba iliyofungwa waya kwenye mpini, ni ya kwake, na asiyejua kazi asiiguse.

Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya vyumba vya wageni, palipokuwa na tangi la hita limesimama kama mtu aliyewekwa kona kwa adhabu.

"Shikamoo, mzee," nilisema, maana njiani nilisahau kwa woga.

"Marahaba. Umesoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne."

"Hongera. Weka mkono hapo."

Nikaweka kiganja kwenye tangi. Lilikuwa na joto zuri, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala juani.

"Unasikia nini?"

"Joto, mzee. Linafanya kazi."

"Linamfanyia nani? Mgeni yuko chumbani kwake, ndiye anayetaka kuoga. Wewe uko stoo. Unaoga wewe?"

"Hapana."

"Basi hilo joto ulilolishika ni la mgeni. Lirudishe."

Nilisimama pale na cheti changu sijui joto hurudishwaje. Yeye akaenda kunywa chai. Naweza kusema kwamba miaka yangu yote ya kazi iliyofuata ilikuwa ni kujaribu kulirudisha joto lile.

Mzee Kondo alinifundisha kwamba tangi la maji ya moto ni kama mtu anayelala nje: maji hayapoi kwa sababu ni mabaya, yanapoa kwa sababu hayana shuka. Ukiliona lina joto nje, ujue ndani linapungua, na umeme utaamka tena kupasha kilichokuwa kimekwisha kupashwa. Mvalishe koti. Lakini kabla ya koti, kagua kama linavuja. Baada ya koti, usisahau bomba la maji ya moto linapotoka kwenye tangi, maana hapo mwanzoni ndipo bomba hunyonya joto na kulimwaga hewani hata kama hakuna aliyefungua koki. Kile kidude kinachoamua maji yafike joto gani ndipo umeme ukate, usikipandishe hadi mwisho eti ili mgeni afurahi. Mgeni akiungua hafurahi. Na valvu ya usalama pamoja na kifuniko cha nyaya, visifunikwe hata kama Mfalme anakuja kulala. Hayo yote bado ni kweli. Yaandikeni ukutani, mfute yale ya kupumua.

Koti lenyewe tulilitengeneza kwa kilichopatikana, na hapo ndipo nilipoanza kufanya makosa yangu mwenyewe badala ya kuiga ya wengine. Karibu na sisi palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na pumba zilikuwa zimerundikana kama kichuguu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba pumba huzuia joto. Ni kweli huzuia. Nikalijengea tangi la jikoni sanduku la mbao, nikalijaza pumba mpaka juu, nikapigilia misumari kwa fahari. Mzee Kondo akalizunguka sanduku lile, akauliza, "Valvu iko wapi?" Nikamwambia iko ndani, salama. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunywa chai. Baadaye nilielewa kwamba mwalimu mzuri anajua lini amwache mwanafunzi atumbukie.

Valvu ile ilikuwa na tabia ya kudondosha tone moja moja. Pumba zikanywa matone yale kimyakimya. Zikalowa, zikavunda, zikaanza kupata moto zenyewe, na jiko zima likanuka kama togwa iliyosahauliwa msibani. Nilipobomoa sanduku, kitako cha tangi kilikuwa kimeliwa na kutu. Meneja wa wakati ule alikuja akasimama mlangoni na leso puani.

"Fundi," aliniambia, "mimi nilikuomba maji ya moto. Wewe umenipikia pombe."

Jina la Mpika Pombe lilinikaa muda mrefu, hasa kwa kuwa mimi ni mtu wa swala.

Kisha tukapata sponji nyeusi za kuvisha mabomba, zile laini zenye mpasuko ubavuni. Nikavisha mabomba yote ya juu ya paa yaliyotoka kwenye hita za jua, nikashuka nikijiona daktari. Kesho yake asubuhi sponji zote zilikuwa zimetapakaa kwenye nyasi. Nyani wa Mikumi hawahitaji maji ya moto, wanahitaji kitu cha kuchana. Nikavisha tena, wakachana tena, na dume moja likawa linanisubiri kabisa nimalize, limekaa juu ya paa la stoo kama msimamizi wa kazi. Mzee Kondo ndiye aliyesema tuingize sponji ndani ya bomba pana la plastiki. Dume lile lilijaribu, likashindwa, likaniangalia kwa dharau, likaenda kuharibu mahali pengine. Mpaka leo sijapata mkaguzi mwingine aliyenifanya niwe makini kiasi kile.

Mzee Kondo alipostaafu aliniachia spana, na mimi nikawa ndiye fundi. Nikawa pia mtu wa kuchosha. Nilitembea hoteli nzima nikiweka kiganja kwenye kila kitu: matangi, mabomba, kuta, birika za jikoni. Nilipoona joto liko nje ya mahali pake niliumia kama mtu aliyeibiwa. Nilivalisha kila kitu koti. Na kila nilipomaliza kuvalisha, niliweka kiganja, nikasikia ubaridi, nikatabasamu.

Kati ya nilivyovivalisha ni boila ya kufulia. Mnaijua ile nyumba ya kufulia, iko kama ilivyokuwa. Dobi wetu alikuwa Mama Rehema, mwanamke wa Kidete mwenye sauti ya kuita treni. Nyuma ya boila alikuwa amefunga kamba, na siku za mvua alianika huko sare za wapishi. Nilipomaliza kuifunga boila alikuja kunitafuta hadi kwenye chai.

"Fundi, umeniua. Sare za wapishi nizikaushie wapi sasa, kifuani?"

"Mama Rehema, lile joto lilikuwa linapotea bure."

"Linapotea? Si lilikuwa linapotelea kwangu?"

Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka zaidi. Masika yote yale wapishi walinuka unyevu, na lawama akapewa mtu wa sabuni. Niliona. Nilinyamaza, maana takwimu za umeme zilikuwa upande wangu na Mama Rehema hakuwa na takwimu, alikuwa na kamba. Kisa kile nilikisimulia kwa miaka kama kichekesho cha mwanamke asiyeelewa ufundi. Nakumbuka wengine wenu nimewasimulia. Kisahauni.

Siku ya kuniaga, mliimba vizuri na keki ilikuwa na jina langu, ingawa herufi moja ilikosewa. Zawadi mnaikumbuka, maana ninyi ndio mlioibeba: hita kuukuu ya chumba cha mwisho, iliyokuwa inaondolewa kwa sababu inapoteza joto. Nilipigana na hita ile nusu ya maisha yangu, kisha nikafungiwa utepe nikapewa niende nayo nyumbani. Nilishukuru. Unapewa adui yako akiwa amefungwa utepe, utasemaje?

Hapa Kilosa mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa amechemsha maji kwenye jiko la mkaa kwa miaka yote ile ambayo mimi nilihangaika maji ya wageni yasipoe. Nilikuwa narudi likizo, naoga maji ya sufuria, namweleza habari za matangi. Alinisikiliza. Hilo pia ni deni, lakini si la kuandika kwenye karatasi ya karakana. Niliifunga hita kwenye stoo ndogo ya bafuni, nikaitundika kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma, na siku ya kwanza maji yalipotoka moto bombani, Mama Zuhura aliweka mkono, akautoa, akasema, "Kumbe ilikuwa kweli." Sikujua kama ni sifa.

Ukuta huo wa stoo, upande wake wa pili ni chumba cha uani. Kwa muda mrefu tuliweka humo magunia. Kisha masika moja mvua iliangusha ukuta wa nyumba ya mkwe wangu kule Masanze, nasi tukamchukua, na chumba cha uani kikawa chake. Ni mama mzazi wa mke wangu. Alifika na mkeka, sanduku, na fimbo, maana miguu yake ilikuwa na baridi yabisi, na asubuhi hakuweza kunyoosha magoti mpaka jua limpige.

Baadhi yenu mmetoka mbali, kwa hiyo nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Asubuhi mimi humwamkia kwa mbali, "Shikamoo, mama," naye huitikia "Marahaba, baba," akiwa ametazama kando, na kwa siku hiyo mazungumzo yetu yamekwisha. Siingii chumbani kwake. Hali chakula mbele yangu. Akiwa na neno kwangu hulipitisha kwa binti yake, na neno lenyewe liwe la heri. Kulalamika mbele ya mkwe, au hata kumtuma binti akalalamike, ni sawa na kutembea bila nguo. Si chuki. Ni heshima, na ni nzito kuliko tangi lililojaa.

Mkwe wangu akapona mbele ya macho yetu. Hakupona kabisa, lakini fimbo ilibaki mlangoni, akawa anatoka asubuhi na mapema, anachambua mchicha, anawagombeza kuku. Mama Zuhura aliisifu dawa ya kuchua aliyoinunua sokoni. Mimi niliisifu pia. Dawa ile ilisifiwa na mtaa mzima.

Hita wakati huo ilikuwa tupu, haina koti. Mtanishangaa. Ndiyo hivyo, kinyozi hajinyoi. Mpaka Mama Zuhura aliponijia na simu mkononi, amenunua umeme kwa mara nyingine.

"Baba Zuhura, huu umeme tunautumia au tunaumwaga?"

Nikaenda stoo, nikaweka kiganja kwenye tangi. Joto. Nikamsikia Mzee Kondo, Mungu amrehemu, akisema lirudishe.

Niwaambie wazi: ile ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Nilinunua sufi, hapa kwetu misufi haikosekani, nikaianika juani nikaipiga kwa fito mpaka ikafumuka kama wingu. Nikaishonea kwenye shuka kuukuu kwa vyumba vyumba, ili isiteremke chini ikarundikana. Nikaivika hita mbele na mbavuni. Nyuma, kati ya tangi na ukuta, palikuwa na upenyo wa vidole viwili, na fundi mvivu angeuacha. Mimi niliusindilia sufi kwa kijiti, kidogo kidogo, asubuhi nzima. Nikaliacha koti wazi kwenye valvu na kwenye nyaya. Nikavisha mabomba sponji. Nikamwita mke wangu aweke mkono.

"Mbona limekufa?" akauliza.

"Halijafa. Limeacha kuiba."

Umeme ukaanza kukaa. Mama Zuhura akanisifu mbele ya majirani, na mimi nikajifanya sipendi.

Kipupwe kikaingia. Mkwe wangu akaanza kuchelewa kutoka. Nilimwona akisubiri jua lifike kizingitini ndipo atoke, na fimbo ikarudi mkononi. Mama Zuhura akaongeza dawa ya kuchua. Dawa ile ile, duka lile lile, safari hii haikusaidia. Kisha jioni moja akaja kunikalia mbele, ameshika kiuno.

"Mama anataka kurudi Masanze."

"Masanze wapi? Nyumba si imeanguka?"

"Anasema kuna upande mmoja umebaki mzima."

"Mtu halali kwenye upande."

"Nimemwambia. Anasema shamba linamwita. Shamba gani kipupwe hiki? Baba Zuhura, umemfanyia nini mama yangu?"

"Mimi? Sijawahi kumwambia neno zaidi ya shikamoo!"

"Labda uliitoa vibaya."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema mama akienda, naye atakwenda, kwa sababu mtu mwenye magoti yale hawezi kuteka maji mtoni, na hawezi kuachwa peke yake kwenye nyumba iliyo wazi kwa mvua na fisi. Alisema akarudi jikoni, na nikaelewa kwamba hakuwa anatishia. Alikuwa ameshapanga. Nyumba niliyoingojea miaka yote kule Mikumi nije kukaa na mke wangu, nilikuwa karibu nibaki humo na hita.

Nikajikagua. Nilikumbuka kila kikohozi nilichokohoa karibu na mlango wake. Labda nilipita kifua wazi. Labda niliwagombeza kuku wakati yeye ndiye mwenye kuwagombeza. Nikanunua kanga nzuri, nikaipeleka kwa mkono wa binti yake, kuomba radhi kwa kosa nisilolijua. Jibu likarudi siku hiyo hiyo: amefurahi sana, Mungu anizidishie, kanga hiyo ataivaa safarini.

Siku mbili kabla ya safari akaja Bi Tausi kutoka Mvumi. Bi Tausi ni wa ukoo wenye utani na ukoo wa mkwe wangu, na mtani hana mlango asioingia wala neno asilosema. Aliingia uani na kapu tupu, anapiga kelele.

"Godoro langu liko wapi? Nasikia huyu bibi anakwenda kulala kwenye nyumba isiyo na ukuta. Atakufa kabla ya wiki! Nimekuja kulikagua godoro nisije nikarithi kunguni!"

Kutoka chumbani nikasikia mkwe wangu akicheka, kicheko ambacho mimi sijawahi kupewa. "Pita, mchawi, ukague!"

Wakakaa humo muda mrefu. Mimi nilikuwa nje nimejitia kurekebisha koki isiyo na ubaya. Bi Tausi alipotoka alinijia moja kwa moja, akasimama juu ya kichwa changu.

"Wewe mwizi."

"Karibu, mtani. Nimeiba nini leo?"

"Ukuta."

Nikainua uso. Akapunguza sauti, jambo ambalo sikujua kama analiweza.

"Nimekaa kitandani kwake nikaegemea ukuta, nikaruka. Nikamwuliza, wewe bibi unalala na maiti? Mbona ukuta baridi hivi? Akasema, zamani ulikuwa na moto. Nikambana. Akasema ulikuwa na moto mzuri, alikuwa anaegemeza mgongo na magoti mpaka kunakucha, anaamka mwepesi. Kisha ukapoa, basi. Nikamwuliza ulipoa lini. Unajua alisema lini?"

Nilijua. Kijiti cha kusindilia sufi kilikuwa bado kwenye dirisha la stoo.

"Kwa nini hakusema?" nikauliza, nikajiona mjinga kabla sijamaliza.

"Amwambie nani? Akwambie wewe, 'baba, nirudishie joto la bafuni kwako'? Amtume binti yake aje aseme mama anataka kula umeme wako? Ameona bora aende akafe kwake kwa adabu. Ninyi mna akili za kuhifadhi maji, watu mnawaacha wapoe." Akainama. "Na akijua kwamba unajua, anapanda gari leo hii. Mimi nimesema kwa sababu ni mtani. Sijasema."

Akachukua kapu lake, akaiba na papai langu moja, akaondoka.

Nilibaki pale na ile koki. Miaka yote nilikuwa nimeweka kiganja upande wangu wa tangi. Wa pili sikuufikiria, na kwa mkwe wangu nisingeweza kuufikia hata kama ningetaka. Lakini Mama Rehema alinifuata hadi kwenye chai akaniambia kwa mdomo wake, na nilicheka. Ningemsikiliza dobi, ningemwelewa mkwe bila mkwe kusema.

Kufumua sufi ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa sababu. Ningeifumua kimya, ukuta ukapata moto, angejua Bi Tausi amesema. Ilibidi hita iharibike, na iharibike kwa kosa la fundi, mchana kweupe, kila mtu akisikia.

Asubuhi iliyofuata mkwe wangu akiwa ameketi juani upande wa jikoni, nilitoka stoo nikipiga kelele kama dalali.

"Mama Zuhura! Nimeharibu kazi!"

"Kazi gani?"

"Ya hita! Nimeifunga pande zote kama mjinga. Tangi halipumui! Upande wa ukutani lazima uwe wazi, la sivyo litapasuka!"

"Si ulisema ni kazi yako nzuri kuliko zote?"

"Nilikosea."

Akaweka chini ungo wake. "Umesema?"

"Nimekosea, mke wangu. Kosa ni langu."

"Hebu sema tena, hao wa barabarani hawajasikia."

Nikasema tena. Ndoa yetu ni ya zamani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kukiri kosa la ufundi mbele yake, na kosa nililokiri silo nililofanya. Juu ya ukuta wa uani kikatokea kichwa cha Sefu, fundi bomba wa jirani, ambaye simu yake haijawahi kuhifadhi siri.

"Shikamoo, fundi. Tangi linapumua?"

"Marahaba. Linapumua sana," nikasema, maana nilishafika mbali mno kurudi.

"Hata haya ya umeme?"

"Hayo ndiyo hasa."

Ndivyo ilivyowafikia ninyi. Nilitoa sufi yote ya nyuma, nikasogeza vyuma vya kutundikia mpaka mgongo wa tangi ukagusa matofali, nikaacha koti mbele na mbavuni. Sasa joto linalotaka kutoka lina mlango mmoja tu. Umeme umepanda kidogo. Mama Zuhura anasema ni kwa sababu mume wake hakujua kazi, na mimi nanyamaza.

Kwa hiyo sikieni vizuri. Huko Mikumi funikeni pande zote, isipokuwa valvu na nyaya. Lakini kabla ya kufunika, zungukeni nyuma ya ukuta mwone nani amekaa huko, na akisema neno msimpeleke kwenye chai akawe kichekesho. Anayekwenda Kidete amtafute Mama Rehema. Amwambie fundi anamsalimu, na anasema ndiyo, lilikuwa linapotelea kwake. Karatasi hii ibaki karakana, isije ikafika kwa Sefu.

Safari ya Masanze iliahirishwa kwanza kwa sababu ya gari, kisha kwa sababu ya kuku aliyelalia mayai. Sanduku likakaa mlangoni siku kadhaa, halafu nikaona limerudishwa ndani. Ijumaa moja mkwe wangu akatoka mapema, amevaa ile kanga ya safarini, anakwenda bandani bila fimbo. Nikamwamkia. Akaitikia akitazama kando, kama kawaida.

Jioni Mama Zuhura akaniletea chai.

"Mama ananituma nikwambie tangi linapumua vizuri."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo, na anacheka. Mama yangu anajua nini habari za matangi?"

Nikamwambia amjibu kwamba nashukuru, na kwamba siku likiacha kupumua asisite kuniambia.

Hataniambia. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya shikamoo, natazama kwanza kama ameshika fimbo.